Shajara ya mradi: kutengeneza tezi ya mate ya kienyeji kwa ajili ya maabara yetu

Siku ya 1

Naandika hapa ili nisije nikasahau nilipoanzia, maana mradi uliopita (ule wa figo ya chupa) niliuacha njiani na leo sikumbuki hata koki niliiweka wapi. Mimi ni fundi wa maabara sekondari moja huku Tanga, vijana wanafika kwenye mmeng'enyo wa chakula na kila mwaka wanakariri "mate yana amilesi inayovunja wanga" basi imeisha hiyo, wanahamia tumboni. Hakuna anayeuliza mate yenyewe yanatoka wapi na nani anayaamuru.

Sababu ya pili ni shangazi. Tangu aanze kumeza amitriptilini kwa ajili ya miguu inayomwaka moto usiku, hawezi kumeza tonge bila maji. Juzi nimekaa nae kwenye mkeka namwona kila tonge la ugali anasukumia na kikombe, nikamuuliza, akasema "baba, mdomo wangu umekuwa kama karatasi". Nikasema ngoja.

Wazo langu la kwanza: ndoo juu ya kabati = moyo, mpira wa dripu = mshipa wa damu, sponji ndani ya chupa = tezi, maji yanachuja yanadondoka chini kwenye bakuli = mdomo. Ndoo ikipanda juu presha inaongezeka mate yanaongezeka. Rahisi na gharama yake haifiki elfu kumi.

Siku ya 2

Ndoo imefanya kazi vizuri mno. Kuna kitu kinaniambia ikifanya kazi vizuri siku ya pili ujue kuna mahali nimekosea.

Siku ya 4

Nimekosea. Jana usiku nimesoma habari za Carl Ludwig, Mjerumani wa karne ya 19, yani kwenye miaka ya 1850 na 1851 hivi huyu bwana alichukua mbwa akasisimua neva inayokwenda kwenye tezi ya chini ya taya, mate yakatoka, halafu akapima presha ndani ya mrija wa mate na presha ya mshipa mkubwa wa damu wa shingoni. Ya mate ikawa KUBWA kuliko ya damu! Sasa kama mate yangekuwa yanachujwa tu kwa kusukumwa na damu, yangewezaje kuishinda damu yenyewe? Maji hayapandi mlima. Kwa hiyo tezi haichuji, tezi inafanya kazi, inatumia nguvu yake yenyewe kusukuma, na inayoiambia sukuma ni neva.

Ndoo nimeirudisha jikoni. Mke wangu kafurahi kuliko mimi.

Siku ya 5

Wakati nawaza namna ya kuweka nguvu kwenye modeli nimeamua kwanza nipime mate ya kweli, nisijenge kitu nisichokijua. Namna yenyewe ni hii: usile wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa saa moja na nusu, suuza mdomo, kaa, inamisha kichwa, meza mara moja halafu usimeze tena, acha mate yajikusanye na kudondoka kwenye kikombe dakika 5, pima kwenye mizani. Gramu moja unaihesabu mililita moja maana asilimia 99 ya mate ni maji.

Mimi asubuhi saa mbili: gramu 1.45, yani 0.29 kwa dakika. Saa kumi jioni: 2.2, yani 0.44. Nikadhani nimekosea kumbe ndivyo yalivyo, mate yana saa zake, jioni yanapanda, usiku ukilala yanakaribia kukauka kabisa. Ndo maana mdomo wa asubuhi unanuka, bakteria wamelala na wewe usiku kucha bila wa kuwasuuza. Na ndo maana kula pipi halafu ukalala ni kuyaua meno kwa makusudi.

Mtu mzima ambaye hatafuni chochote kawaida anatoa kama 0.3 hadi 0.4 kwa dakika. Chini ya 0.1 hapo kuna tatizo. Kwa siku nzima ni kama nusu lita hadi lita moja na nusu, karibu yote tunameza bila kujua.

Siku ya 6

Leo nimetafuna bigijii. Kwanza niliitafuna robo saa mpaka utamu wote uishe (taya liliuma), ndo nikaanza kupima, dakika 5 gramu 9.2. Yani 1.84 kwa dakika, zaidi ya mara nne ya jioni ile! Bila sukari bila ndimu, ni kutafuna tu.

Na hapa kuna kitu sikukijua. Tezi kubwa tuna jozi tatu: parotidi mbele ya sikio (hiyo ndo inavimba ukiugua matumbwitumbwi), ya chini ya taya, na ya chini ya ulimi, halafu kuna vitezi vidogovidogo mia kadhaa mpaka elfu hivi vimetapakaa kwenye midomo na mashavu na kaakaa. Ukiwa umetulia kazi kubwa inafanywa na ya chini ya taya, kama theluthi mbili. Parotidi inakuwa imesinzia. Ukianza kutafuna parotidi ndo inaamka na kutoa nusu ya mate yote au zaidi, na mate yake ni mepesi kama maji. Tena ukitafunia upande mmoja, parotidi ya upande huo ndo inafanya kazi zaidi. Nimejaribu kuihisi kwa ulimi, pale karibu na gego la pili la juu kwenye shavu kuna kinundu kidogo, ndo mdomo wa mrija. Kaushe shavu kwa kitambaa, tia tone la ndimu kwenye ulimi, simama mbele ya kioo na tochi, utaona linachuruzika. Nimewaonyesha watoto wangu wawili, mkubwa kasema "baba unavuja".

Siku ya 8 na 9

Jaribio la embe. Hili nilikuwa nalisubiri. Nimeweka embe bichi limekatwa, chumvi na pilipili, mbele ya macho yangu dakika 5 bila kuligusa, na mimi hapo mate yananijaa nayasikia kabisa. Mizani: gramu 2.1.

Mbili nukta moja tu!! Yani 0.42, sawa na jioni ya kawaida. Nimerudia kesho yake 2.3. Niliudhika maana kila mtu anajua habari za mbwa wa Pavlov, waliotokwa mate kabla hata ya kuonja chakula (yule Mrusi aliyepata Nobel 1904, ingawa zawadi alipewa kwa kazi ya mmeng'enyo kwa ujumla). Kumbe mbwa ni mbwa na sisi ni sisi, kwa binadamu kuona na kuwaza chakula kunaongeza mate kidogo sana, sehemu kubwa ya yale "yanajaa" ni mate ambayo yalikuwepo tayari ila sasa umeyatilia maanani na ulimi na mashavu yanayakamua yaje mbele. Kwetu lazima ulimi uguswe au taya itafune. Nilipolila lile embe ndo mafuriko yakaja, sikupima, nilikula.

Ukali, namaanisha uchachu, ndo kichochezi kikubwa kuliko vyote. Ndimu, ukwaju, ubuyu. Ndo mantiki yake, asidi inayeyusha meno na mate yanakuja kuizima.

Siku ya 11

Buchani. Nimenunua kichwa cha mbuzi, muuzaji akauliza cha supu, nikasema cha maabara, akaniangalia.

Mwaka 1660 kijana wa Kidenmaki anaitwa Nicolaus Steno, ana miaka 22, yuko Amsterdam, kanunua kichwa cha kondoo ili ajifunze mwenyewe, akaingiza kijiti kwenye mrija asioujua na kijiti kikagonga meno. Hivyo ndo mrija wa parotidi ulivyogunduliwa, na mwalimu wake Blasius akataka kusema ni yeye aliyeugundua, ukazuka ugomvi mkubwa. Nami nikasema kama kondoo aliwezekana na mbuzi atawezekana.

Nimehangaika saa nzima na nusu. Ndani ya shavu la mbuzi pamejaa vinundu vyenye ncha kama miiba, kupata kimoja kati ya hivyo ambacho ni tundu la mate ni kama kutafuta sindano kwenye mchanga. Mwishoni nikageuza, nikachuna ngozi ya nje, nikakuta tezi chini ya sikio, ya rangi ya nyama iliyopauka, imegawanyika vipandevipande kama zabibu zilizobanana, na mrija mweupe unakatisha juu ya msuli wa kutafunia kama uzi wa tambi. Nikakata kidogo nikapenyeza njiti ya chelewa polepole... ikatokea ndani ya shavu! Mikono ilitetemeka. Vijana wanne waliokuwepo wakapiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja.

Wale vijana wakauliza mbuzi mmoja anatoa mate kiasi gani. Mbuzi sina takwimu nilizoziamini ila ng'ombe anazidi lita 100 kwa siku, nyingi zinakwenda kuzima asidi ya tumbo kubwa kwa bikaboneti (chumvi inayopoza asidi) iliyomo, na parotidi yake haipumziki hata akiwa hali. Mmoja akasema basi ng'ombe ni kiwanda cha bikaboneti chenye pembe.

Kichwa tumekipikia supu. Hakuna kilichotupwa.

Siku ya 14

Modeli mpya. Nimepata pampu ya maji ya waipa kwa fundi wa magari, mtumba, inatumia volti 12, nimeiunga na betri ya bodaboda. Hii ndo vifuko vya tezi (vile vikundi vya seli vinavyotengeneza mate). Swichi = neva. Bonyeza, maji yanatoka kwa nguvu. Achia, yanasimama. Tayari ni ya kweli kuliko ndoo.

Ndani ya kifuko halisi mambo yako hivi, naandika kwa lugha yangu. Neva inamwaga asetilikolini (kemikali ya kupeleka ujumbe), inagonga kipokezi kwenye ukuta wa seli kinaitwa M3, ndani ya seli kalisiamu inapanda, kalisiamu inafungua milango ya kloraidi upande wa kwenye mrija, kloraidi inatoka nje. Kloraidi ina chaji hasi, kwa hiyo sodiamu inaifuata ikipita katikati ya seli na seli. Sasa chumvi imeshajaa kule nje na maji yanafuata chumvi, siku zote maji yanafuata chumvi, yanapitia vijitundu maalumu vinaitwa akwaporini namba 5. (Vijitundu vya aina hiyo ndo vilimpa Peter Agre Nobel ya kemia 2003.) Kwa hiyo tezi haisukumi maji kabisa, inasukuma chumvi, maji yanajileta yenyewe. Hapo ndo lile swali la Ludwig linapata jibu, presha inatoka hapo.

Modeli yangu inasukuma maji moja kwa moja, najua. Siwezi kutengeneza akwaporini Tanga.

Siku ya 15

Sasa ute. Mate si maji tu, chovya kidole uvute utaona uzi. Nimechemsha bamia nikachuja, nikajaza kwenye bomba la sindano la 60 ml na kuliunga kwa mpira wa pembeni. Huo ndo mkono wa pili wa amri, neva za simpathetiki (zile zinazoamka ukishtuka). Zenyewe hazileti maji mengi, zinaambia seli zimwage protini zilizohifadhiwa, amilesi na ndugu zake. Ukisukuma bamia kidogo pampu ikiwa inafanya kazi unapata mate mazuri kabisa, yanavutika. Mkuu wa idara kapita, kaangalia bakuli, kaondoka bila kusema neno.

Siku ya 16

Kosa la pili, na hili nimelifundisha mimi mwenyewe miaka mitano. Niliandika kwenye swichi ya bamia neno HOFU, nikiwaambia vijana kwamba ukiogopa simpathetiki inakausha mdomo. Sio. Simpathetiki haikaushi, nayo inachochea, ila mate machache na mazito. Kinachokausha mdomo ukisimamishwa mbele ya watu ni kwamba ubongo unazuia ule upande wa kwanza, unaizima swichi ya pampu. Mkono mmoja umeachia na mwingine umebaki peke yake, ndo unapata ule utando mzito unaonata kwenye kaakaa. Nimebandua karatasi, HOFU nimeihamishia kwenye waya wa pampu kama swichi ya kukata.

Halafu njia za hizo neva jamani. Parotidi inaamriwa na neva ya tisa ya fuvu. Ya chini ya taya na ya chini ya ulimi zinaamriwa na neva ya saba, na tawi lake kabla ya kufika linapita NDANI YA SIKIO, nyuma ya ngoma, katikati ya vile vifupa vidogo, ndo linashuka kwenye ulimi. Yani waya wa mate na ladha umepitishwa sikioni. Fundi umeme gani angefanya hivyo?

Siku ya 19

Hatua ya pili ya tezi, hapa nilikwama siku tatu.

Kifuko kinatoa maji yenye chumvi karibu sawa na damu. Lakini mate ya mtu aliyetulia hayana chumvi, jionje. Kilichotokea ni kwamba njiani, kwenye mirija, kuta zinanyonya sodiamu na kloraidi kurudisha mwilini, zinaweka potasiamu na bikaboneti, na kuta hizo hazipitishi maji, kwa hiyo maji hayawezi kuifuata chumvi. Yanabaki mepesi. Damu ina sodiamu kama milimoli 140 kwa lita, mate ya polepole yanaweza kuwa chini ya 10. Ila yakienda kasi mirija haiwahi kunyonya yote, sodiamu inapanda sana. Kama kondakta wa daladala, abiria wakishuka mmojammoja anakusanya nauli zote, wakishuka kwa fujo kituo cha mwisho wengine wanampita.

Na faida ya mate yasiyo na chumvi? Ulimi unaweza kuonja chumvi ndogo kwenye mchuzi. Kama ulimi ungekuwa unaogelea kwenye maji ya bahari mchuzi wote ungekuwa chapwa.

Nimewaza chujio, nimewaza resini (punje za kunasa chumvi), bei haishikiki. Jana usiku ikanijia: MKAA. Nimetwanga mkaa, nimeupepeta, nimeuosha mpaka maji yakawa safi, nimejaza kwenye bomba la plastiki la nusu mita, na kwenye maji ya pampu nimetia methilini buluu kidogo ya maabara. Rangi ya buluu = chumvi, mkaa = kuta za mrija.

Siku ya 20

IMEFANYA KAZI. Pampu polepole (nimeweka rezista), maji yanatoka karibu meupe. Pampu kasi, yanatoka buluu. Hatukubadilisha kitu kingine chochote zaidi ya mwendo. Binti mmoja wa 3B kabla sijaeleza akasema "kwa hiyo madam wa bailojia akisema mate yana kiasi fulani cha chumvi inabidi aseme ni mate ya mwendo gani". Nimekaa kwenye stuli.

Tukapima na karatasi za pH mate yetu wenyewe: tukiwa tumetulia wengi 6.5, tukitafuna bigijii 7.5. Bikaboneti inapanda na mwendo. Hiyo ndo inayookoa meno baada ya chai ya sukari, kama mate yapo.

Siku ya 22, Alhamisi

Nimefunga sunna. Saa kumi na moja jioni nimepima: gramu 1.05, yani 0.21, nusu ya jioni zangu za kawaida. Mwili ukipungukiwa maji tezi ni kati ya vya kwanza kubana matumizi, na mdomo ukikauka ndo unatafuta maji, yani tezi nayo ni kengele ya kiu.

Siku ya 23

Nimekwenda kwa shangazi na kikombe na mizani. Shikamoo, marahaba, nikamweleza, akacheka mpaka akakohoa, "baba umesomeshwa ukaja kupima mate ya wazee". Lakini kakaa, kainama, dakika 5 kamili. Gramu 0.4. Yani 0.08.

Nikampa bigijii isiyo na sukari atafune, ikafika 0.9 kwa dakika. Hii ilinifurahisha kuliko modeli nzima, maana ina maana tezi zipo na zina uwezo. Dawa yake imekaa juu ya kile kipokezi cha M3, asetilikolini inakuja inakuta kiti kimekaliwa. Haijaharibu mashine, imefunika swichi, na amri ikiwa kubwa kama ya kutafuna kidogo inapenya. Dawa za mzio za zamani, zile zinazoleta usingizi, zinafanya hivyohivyo, na za kibofu.

Nimemsihi asiache dawa mwenyewe maana miguu itarudi kuwaka, aende akamwambie daktari. Nimemwambia pia aache kunyonya ndimu (alishaanza, kaambiwa na jirani), maana ndimu bila mate ya kutosha inakula meno, na pipi za tangawizi zenye sukari vilevile.

Kwenye modeli nimeongeza kipande cha selotepu juu ya swichi kimeandikwa DAWA.

Siku ya 37

Nilikuwa kimya kwa sababu ya mitihani. Daktari kampunguzia shangazi dozi, anameza moja ya usiku tu. Leo tumepima tena saa ileile, kikombe kilekile: gramu 0.7, 0.14 kwa dakika. Bado ni kidogo. Kala nusu ya mkate na chai pembeni, kikombe kimepoa hajakigusa mpaka alipomaliza kutafuna.

Mambo yaliyobaki: mpira kati ya pampu na bomba la mkaa unavuja, bamia inachacha kwa siku mbili kwa hiyo itengenezwe asubuhi ya maonyesho, na mkaa ukishajaa rangi unaacha kunyonya, niwe na bomba la akiba. Betri ya bodaboda mwenyewe anaidai.